Kadi ya Nyumba Namba 0417

Barua tulizituma Januari, theluji ikiwa bado magotini:
kaunti ya Brannock, baada ya miaka minane,
inathamini upya kila jengo lenye paa.
Njoo uisome kadi ya nyumba yako. Tusahihishe.
Neno hilo la mwisho niliongeza mimi.
Bosi akasema linawapa watu meno.
Nikamjibu, meno wanayo tangu zamani,
walichokosa ni mahali pa kuuma.

Basi wakaja, wakaujaza ukumbi wa michezo wa shule,
meza sita chini ya goli la mpira wa kikapu,
birika la kahawa tuliloazima kanisani.
Matope ya Machi yaliwafuata hadi ndani.
Kila mmoja kashika bahasha yake kifuani
kama mtu apelekaye majibu ya hospitali.

Orville Ratliff alianza hata hajaketi:
"Mmeandika sehemu mbili za kuotea moto.
Moja iliporomoka mwaka ule mgodi ulipofungwa.
Tangu hapo wanakaa popo.
Popo nao siku hizi wanatozwa?"
Ukumbi ukacheka. Nikafuta moja.

Kina dada wa Cline waligombana mbele yangu.
Chumba cha chini ya nyumba hujaa maji kila masika, alisema mkubwa.
Ah, mara mbili tu, akasema mdogo, tena maji ya kifundo.
"Nyamaza, Loretta, utatuponza!"

Tobias Mullins hakuwa na kosa la kusahihisha.
Alileta picha ya nyumba ya jirani,
watu wa Jumamosi na Jumapili kutoka mjini:
vioo toka sakafuni hadi darini,
na nje, kwenye baridi, beseni la kuogea likifuka mvuke.
"Waliinunua dola laki sita. Na yangu ikapanda.
Sijagongelea hata msumari.
Wanaoga wao, nalowa mimi?"
Kwenye fomu hapakuwa na kisanduku cha swali hilo.
Nililiandika pembeni, kwa penseli,
naye akaniangalia nilivyoliandika,
akaangalia na kifutio kilicho nyuma ya penseli.

Saa mbili usiku ikikaribia, tunakunja viti,
akaja Dreama Stiltner na koti la mwanamume.
"Mmekosea," akasema. "Mmeandika vyumba vitatu. Viko vinne."
Nikaweka kalamu chini.
Mama, nikamwambia, tangu asubuhi
hakuna aliyekuja hapa kujiongezea.

"Wayne alikijenga mtoto wetu alipokosa miguu.
Hatukuomba kibali. Alijenga usiku, akitoka zamu,
mimi nikimshikia taa.
Mlipopita kupima, tulivuta pazia, tukaegesha gari mbele.
Miaka kumi na tisa tumekificha kama chang'aa.
Sasa mtoto hayupo. Wayne naye, tangu Oktoba.
Na ukisoma karatasi zenu,
yule mwanamume hakujenga kitu maishani mwake.
Andika."

Nikapiga hesabu, nikamgeuzia karatasi aione:
dola hamsini na tatu zaidi kila mwaka.
Alizitazama kidogo, kama bei ya nyanya.
"Andika," akasema tena.

Kesho yake nilipanda kilima na futi yangu.
Dirisha limewekwa chini mno,
ikanibidi nipige magoti kulipima,
na nikiwa hapo nikaona, sawasawa na macho yangu,
kikopo cha mbegu kwenye tawi, na ndege wawili wakigombea.
Kumi na mbili kwa kumi na nne. Hali: nzuri.
Nikafunga faili.

"Na mlango?" akauliza. "Upana wake umepima?"
Kadi haiulizi mlango, mama.
"Pima tu."

Nikapima.
Inchi arobaini na mbili.